Sura ya Saba: Inamisi au Haivuti?

Malalamiko mawili hufika gereji yakiwa yamefungwa pamoja. "Fundi, gari inamisi, halafu haina nguvu." Fundi mwenye haraka husikia tatizo moja, akachukua spana na kwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Fundi anayeijua kazi husikia matatizo mawili, na la kwanza analofanya ni kuyatenganisha. Kila moja lina njia yake ya kutafutwa, na kuzichanganya njia hizo ndiko kunakomfanya mwenye gari anunue nozeli nne wakati kilichoziba ni filta.

Kumisi ni ugonjwa wa silinda. Injini ya dizeli yenye silinda nne, ya aina iliyomo katika HiAce nyingi zinazobeba abiria Tanzania na Kenya, huwasha kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikiwa kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 375 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara sita kwa sekunde. Moja ikikosa kuwaka, pengo lake linarudi kwa mpangilio uleule: usukani unatetemeka kwa mpigo, kioo cha pembeni kinacheza, sauti kwenye bomba la moshi inakatika kwa vipindi vilivyo sawa. Watu wanne wakibeba gogo na mmoja akaachia, gogo halianguki, lakini linayumba kila hatua kwa upande uleule.

Kukosa nguvu ni ugonjwa wa injini nzima. Silinda zote zinawaka, mlio umetulia, sailensa ni nzuri, hata mjini dereva halalamiki. Kisha gari linajaza abiria, linaanza kupanda Kitonga kuelekea Iringa, na dereva anajikuta ameshuka gia mpaka ya pili huku mguu umekanyaga hadi mwisho. Hapo usitafute silinda. Tafuta kitu ambacho silinda zote nne hukitegemea kwa pamoja, na vitu hivyo ni vichache: hewa inayoingia, dizeli inayofika, njia ya moshi kutoka, na ruhusa ya kompyuta.

Ni kweli magonjwa haya hukutana. Silinda moja ikilala, injini hupoteza zaidi ya robo ya nguvu yake, maana zile tatu zinazofanya kazi zinalazimika pia kuizungusha iliyolala. Na dizeli ikipungua sana kwenye mfumo, silinda zote huanza kumisi kwa zamu, bila mpangilio. Kwa hiyo swali la fundi ni hili: kipi kilianza? Dereva analijua jibu, na mara nyingi utingo analijua zaidi, kwa sababu yeye husikia gari akiwa mlangoni.

Kabla ya kwenda mbele, kumbuka injini hii inavyowaka. Rudolf Diesel alipata hataza yake Ujerumani mwaka 1893, na injini yake iliyofanya kazi sawasawa ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Wazo lake halijabadilika: bana hewa kwa nguvu mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, kisha ipulizie dizeli, nayo itawaka yenyewe. Hakuna plagi ya cheche. Madereva waliohamia HiAce ya dizeli kutoka Noah ya petroli huomba wabadilishiwe plagi gari likimisi, na wapo wauzaji wa spea wasiokataa kuwauzia kitu. Plagi zilizopo kwenye dizeli ni za kupasha joto tu, zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi. Moja ikifa, gari litamisi alfajiri pale Makambako au Lushoto, litatoa moshi mweupe kwa dakika moja au mbili, kisha litatulia lenyewe. Gari linalomisi mchana, injini ikiwa imepata moto, halina kesi na plagi hizo.

Kwa hiyo silinda ya dizeli inadai mambo matatu: hewa ya kutosha, ibanwe vya kutosha, na dizeli iingie kwa wakati wake, kwa kipimo chake, ikiwa ukungu mwembamba. Kila tatizo katika sura hii ni upungufu wa mojawapo ya hayo.

Lazima pia ujue umesimama mbele ya kizazi gani. Injini za 2L, 3L na 5L, zilizobeba daladala na matatu za zamani, zina pampu inayoendeshwa na mkanda wa taimingi na kugawa dizeli kwa kila nozeli kupitia bomba lake. Hazina kompyuta ya kuzungumza nayo, na ni wazi kwa anayejua kusikiliza. HiAce ya umbo jipya lililotoka mwaka 2004 ilileta 1KD ya lita 3.0 na 2KD ya lita 2.5. Humo pampu hujaza dizeli ndani ya bomba nene moja, reli, na kompyuta huamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Kwenye sailensa presha ya reli huwa karibu megapaskali 30, takriban mara mia ya presha ya tairi lake. Ukikanyaga, inaweza kupita megapaskali 130.

Tarakimu hizo ni za uhai na kifo cha mkono wako. Kwenye 5L, njia ya zamani ya kutafuta silinda inayomisi ni kulegeza nati ya bomba la nozeli kwa spana ya 17 injini ikiwa inaunguruma, moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya silinda nzima, mlio unashuka na injini inatikisika zaidi. Ukilegeza ya silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika, na umeshampata mtuhumiwa. Ni kipimo kizuri, hakina gharama. Usikifanye kamwe kwenye injini ya reli. Dizeli inayochomoka kwa presha ile hupenya ngozi, tundu lake ni dogo kiasi kwamba fundi hudhani amechomwa na waya tu, na maumivu huja baadaye wakati mafuta yameshasambaa ndani ya kidole. Jeraha la namna hiyo linahitaji upasuaji siku hiyohiyo, na wapo waliokatwa vidole kwa kungoja kesho. Vijana wengi walifundishwa kazi na mafundi waliokulia kwenye 3L, wakaihamisha mbinu hiyo kama ilivyo. Mwenye gereji ana wajibu wa kuikataza kwa sauti.

Sasa maswali. Fundi asifungue boneti wala asiinue kiti kabla hajauliza. Tatizo liko injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote? Linakuja gari likiwa tupu au likiwa na mzigo? Lilianza ghafla au lilikuja taratibu kwa wiki kadhaa? Dizeli ya mwisho ilijazwa wapi, kituoni au kwenye madumu kando ya barabara? Kuna kazi yoyote iliyofanyika kabla tu ya tatizo? Na swali ambalo kwa injini za kompyuta nalithamini kuliko mengine yote: nguvu zikipotea, ukizima gari na kuwasha tena, zinarudi?

Zikirudi, kompyuta ndiyo iliyobana. Iliona kipimo kisichoiridhisha, kwa mfano presha ya reli kuwa chini kuliko ilivyoomba au tabo kusukuma hewa kupita kiasi, ikaamua kuilinda injini kwa kuipunguzia dizeli. Ukizima na kuwasha, inaanza upya kwa imani mpaka ione kosa tena. Zisiporudi, yaani gari likawa zito vilevile kabla na baada ya kuzima, basi kuna jambo la kiumbo: kitu kimeziba, kimepasuka, au kimeisha. Swali moja limekata orodha katikati, na hakuna nati iliyofunguliwa.

Baada ya maswali, tazama moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa iliyopo. Basi ama hewa imepungua, ama nozeli inamwaga. Moshi mweupe wenye harufu kali inayochoma macho ni dizeli iliyotoka bila kuwaka, na gari linalomisi likitoa moshi huo linakuambia kwamba dizeli inafika kwenye silinda ile lakini joto la kubanwa halitoshi, au dizeli inaingia kwa wakati usio wake. Mweupe usio na harufu hiyo, unaoendelea hata injini ikiwa moto huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayopita kwenye gasketi ya silinda hedi. Wa bluu ni oili. Gari lisilo na nguvu na lisilotoa moshi wowote lina maana yake pia, na wengi huipita bila kuiona: dizeli ndiyo iliyopungua, ama kwa sababu haifiki, ama kwa sababu kompyuta haiitoi.

Hapo naomba tahadhari moja ya kijiografia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi ni hivyohivyo. Kwenye mwinuko huo msukumo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Injini ya 5L isiyo na tabo huvuta hewa hiyo nyembamba kama ilivyo, na pampu yake inaendelea kutoa dizeli kwa kipimo cha pwani. Itatoa moshi mweusi na itapungua nguvu ikiwa nzima kabisa. Mwenye gari aliyenunua chombo Tanga na kukipeleka Uyole huambiwa nozeli zimekufa. Injini yenye tabo nzima hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo 1KD inayolemewa sana nyanda za juu ina ugonjwa wa kweli.

Kwa ugonjwa wa kukosa nguvu, anza na hewa, kwa sababu ni rahisi kuliko vyote. Toa filta ya hewa. Kwenye barabara za vumbi huziba kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na desturi ya kuipuliza kwa kompresa na kuirudisha ina gharama yake: upepo mkali hutoboa karatasi matundu yasiyoonekana, na kuanzia siku hiyo vumbi huingia kwenye tabo na kwenye ringi. Filta mpya ni nafuu kuliko upepo wa bure. Kisha fuata mipira mikubwa inayotoka kwenye tabo kuelekea kwenye injini. Ipapase kwa chini. Mpira uliopasuka hupuliza ukungu wa oili, kwa hiyo pana unyevu mweusi ulioshika vumbi. Mwambie mtu akanyage mafuta na usikilize mfyonzo au mluzi. Hewa ambayo tabo imeibana na kuipoteza njiani ni nguvu iliyomwagwa, na moshi mweusi unaofuata si kosa la nozeli.

Tabo yenyewe huchunguzwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Shafti yake ikicheza kidogo sana pembeni si ajabu, lakini ikiingia na kutoka, au visu vikigusa nyumba yake, imekwisha. Kwenye 1KD kuna vipande vidogo ndani ya tabo vinavyogeuka ili kubadili njia ya moshi, na masizi huvigandisha. Vikiganda vikiwa wazi, gari ni zito chini ya mizunguko 2,000 kisha linaamka ghafla. Vikiganda vikiwa vimefunga, linaondoka vizuri kisha kompyuta inalikata nguvu kwa hewa kuzidi. Dereva akikueleza kwa usahihi nguvu zinapotea wapi kwenye saa ya mizunguko, ameshakueleza vipande hivyo vimekwama upande gani.

Masizi yana nyumba nyingine: njia ya kuingiza hewa. Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza uchafuzi. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili hutengeneza lami nyeusi, na baada ya miaka ya foleni za mjini tundu linalopaswa kupitisha hewa hubaki nusu. Anayeondoa bomba la hewa na kuchungulia ndani ataliona kwa macho yake. Hakuna haja ya kukisia.

Na moshi lazima utoke. HiAce za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani katika miaka ya baadaye zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo hupatikana gari likikimbia barabara kuu kwa muda. Gari linaloshinda kati ya Mbagala na Kariakoo, likisimama kila kituo, halifiki huko. Chujio linajaa, moshi unarudi nyuma, injini inakosa pumzi. Legeza bomba kabla ya chujio na ujaribu gari: nguvu zikirudi kwa kishindo, umelipata.

Upande wa dizeli ndio wenye visa vingi zaidi, na ndio unaoniudhi, kwa sababu sehemu kubwa ya uharibifu huanzia nje ya gari. Pampu na nozeli hazina oili yao. Dizeli inayopita ndiyo inayozilainisha. Nafasi kati ya sehemu zake zinazosuguana ni mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, ulainisho unapungua. Gari haligomi siku hiyo. Linaendelea kutembea huku chuma kikisaga chuma, na miezi baadaye mwenye gari analipa faida ambayo mtu mwingine alishaila. Serikali zililitambua hili. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili uchakachuaji utambulike kwa kipimo, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili kuua faida ya kuchanganya. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hatua hizo zilimwumiza anayewasha kibatari na jiko la mafuta ya taa, mtu ambaye hakuwa amechakachua chochote, na hilo nalo lisemwe. Lakini kwa injini, dizeli ya dumu la kando ya barabara bado ni hatari ileile.

Kutafuta tatizo la dizeli, anzia kwenye tenki uje mbele. Fungua kifuniko cha tenki gari likiwa limetoka kutembea: likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na pampu ilikuwa ikishindana na tenki. Toa maji kwenye kikombe cha filta. Yakitoka zaidi ya kijiko, uliza dizeli ilitoka wapi. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikinywea na kubaki chini, kuna kizuizi kati yake na tenki. Ikibaki laini haikazi, kuna hewa inayoingia mahali. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kubwa, washa injini, na utazame mapovu. Povu dogo lisilokatika linatosha kuifanya injini ya reli imisi ovyo, mara silinda hii mara ile, bila mpangilio wowote, na ndilo linalopeleka mafundi wengi kwenye nozeli zisizo na hatia.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote katika upande huu ni cha dumu. Chukua dumu safi lenye lita tano za dizeli unayoiamini, lining'inize mahali salama, mbali na tabo na bomba la moshi, na uipe pampu kubwa dizeli kutoka humo kupitia filta mpya, huku mpira wa kurudisha ukiuelekeza kwenye dumu hilohilo. Kanyaga. Gari likivuta, pampu yako ni nzima, nozeli zako ni nzima, na ugonjwa uko nyuma: tenki, chujio la ndani ya tenki, mabomba, filta, au dizeli yenyewe. Lisipovuta, umeshavitoa vyote hivyo kwenye kesi kwa gharama ya filta moja. Nimeona wenye magari waliokwisha kulipia pampu nzima kabla mtu hajafikiria kutafuta dumu.

Kama ugonjwa umebaki upande wa presha kubwa, sasa mashine ya kusoma kompyuta ina kazi. Watu huiamini kwa namna isiyofaa: wanasoma kodi ya kosa na kununua kifaa kilichotajwa. Kodi P0087 inasema presha ya reli iko chini. Haisemi pampu imekufa. Presha huwa chini kwa filta iliyoziba, kwa hewa, kwa valvu ya SCV inayopimia pampu dizeli ikiwa imekwama kwa uchafu, kwa pampu iliyochoka, au kwa nozeli moja inayorudisha dizeli nyingi kupita kiasi. Kosa ni swali lililoandikwa kwa namba. Jibu liko kwenye vipimo vinavyotembea: tazama presha iliyoombwa na presha iliyopatikana gari likiwa barabarani na mzigo. Zikifuatana kwenye sailensa na kuachana kwenye mlima, dizeli haitoshi pale inapohitajika. Zikipanda na kushuka kwa mawimbi gari likiwa limesimama, sailensa nayo ikipanda na kushuka, itazame SCV kwanza.

Kwa gari linalomisi, mashine hiyo hiyo ina ukurasa ambao kila mwenye 1KD au 2KD angepaswa kuujua: marekebisho ya dizeli kwa kila silinda. Kompyuta hupima kasi ya mzunguko kila silinda inapowaka. Ikiona moja ni dhaifu, inaiongezea dizeli. Ikiona moja inasukuma kupita wenzake, inaipunguzia. Kiasi hicho huonyeshwa kwa milimita za ujazo, juu au chini ya sifuri. Injini ikiwa moto na kwenye sailensa, tarakimu zilizo karibu na sifuri ni afya; zikivuka 3 juu au chini, chunguza silinda hiyo. Iliyoongezewa ni dhaifu: nozeli imeziba, au kubanwa kwa hewa kumepungua. Iliyopunguziwa inamwaga: nozeli haifungi vizuri.

Ugonjwa huo wa mwisho ndio wa kuogopa. Nozeli inayomwaga huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuunguza juu ya pistoni mpaka ipasuke. Kabla ya kufika huko hutoa mlio mkali wa kugonga asubuhi, unaopungua injini ikipata moto, na madereva huuzoea. Usiuzoee.

Kuna ugonjwa mwingine wa 1KD ambao nauandikia aya yake. Chini ya kila nozeli kuna washa nyembamba ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande. Ikichoka, gesi hupenya pembeni mwa nozeli na kuingia chini ya kifuniko cha valvu. Ukisikiliza vizuri utasikia pumzi fupifupi, chu-chu-chu, inayokwenda na mzunguko. Oili inakuwa nyeusi na nzito mapema, na vipande vya masizi magumu vinateremka hadi kwenye sampu na kuziba chujio linalonyonya oili. Gari linaweza kuwa bado linavuta vizuri siku ambayo oili inaacha kupanda juu, na hapo injini nzima inakufa barabarani na abiria wake. Kwa hiyo washa hizo zikikutwa zimevuja, kuzibadilisha peke yake hakutoshi: sampu ishushwe, chujio lionekane kwa macho.

Tarakimu ya silinda dhaifu haisemi kama lawama ni ya nozeli au ya kubanwa kwa hewa, na hapo ndipo kipimo cha kompresheni kinapoingia. Injini iwe moto, betri iwe na nguvu ya kuzungusha injini kwa mizunguko 250 kwa dakika au zaidi. Kwa 3L na 5L kiwango cha kiwanda ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba, cha chini kabisa ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Mafundi hukimbilia ile ya chini kabisa na kusahau tofauti. Injini yenye 25, 25, 24 na 25 itakwenda kwa utulivu ingawa imezeeka. Yenye 31, 30, 22 na 31 itamisi ingawa hakuna silinda iliyo chini ya kiwango.

Silinda ikiwa chini, ijaze hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, usikilize inatokea wapi. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea, na kabla ya kushusha silinda hedi pima nafasi ya valvu, kwa sababu valvu iliyobanwa na marekebisho haikai chini vizuri na dawa yake ni rahisi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa kiasi kimoja, gasketi imeungua kati yake. Zote nne zikiwa chini kwa usawa na gari lilibadilishwa mkanda wa taimingi karibuni, hesabu meno ya mkanda kabla ya kuinua kitu kingine chochote.

Kompresheni ikiwa nzuri, nozeli ndiyo, na itolewe ikapimwe kwenye mashine ya nozeli. Nozeli za kisasa zina kodi iliyochorwa juu yake inayoeleza tabia yake halisi, na kwenye magari mengi kodi hiyo inaingizwa kwenye kompyuta nozeli inapofungwa. Fundi asiyekuwa na njia ya kuiingiza aseme mapema, maana nozeli mpya yenye kodi ya zamani inaweza kumisi kuliko ile iliyotolewa.

Matengenezo yakiisha, gari lijaribiwe kwa mzigo na kwenye mwinuko, mashine ya kusoma ikiwa imechomekwa, si kwa kukanyaga mafuta likiwa limesimama uani. Presha ya reli iliyoombwa na iliyopatikana, msukumo wa tabo, na marekebisho ya silinda nne yaandikwe kwenye daftari la gari pamoja na kilomita zake, na mwenye gari akabidhiwe spea zake kuukuu. Kwa HiAce ya safari ndefu, kipimo cha marekebisho kirudiwe kila inapobadilishwa oili. Silinda namba mbili ikihama kutoka karibu na sifuri hadi 2.6 chini ya sifuri ndani ya miezi mitatu, haijavuka mpaka bado na dereva hatasikia chochote, lakini nozeli yake itolewe ikapimwe wiki hiyo, kabla pistoni haijaanza kuungua.